Kiti kinachotetemeka: kutoka gari la farasi mpaka kitanda cha spa

SEHEMU YA 1

Leo siongelei chanjo wala uji wa lishe. Naongelea spa. Msicheke, nina sababu.

Juzi mama mmoja aliniandikia inboksi. Ana wiki tatu tangu ajifungue, kwa upasuaji. Wenzake kazini wamechanga wakamlipia saa moja kwenye spa, kwenye kile kitanda kinachotetemeka taratibu huku unapigiwa sauti za mawimbi na mabakuli ya shaba. Akaniuliza: "Sista, eti kweli kinarudisha nguvu za mzazi na kusawazisha homoni? Na naweza kwenda na mtoto?" Halafu chini kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi kidogo, akaandika: "Labda kitanisaidia na huu mguu wa kushoto, tangu juzi umevimba na shavu la mguu linauma nikikanyaga."

Huo mstari wa mwisho ndio ulionifanya niache chai na kupiga simu. Nilimwambia spa isubiri, aende hospitali siku hiyohiyo, asiukande huo mguu, asimruhusu mtu yeyote kuukanda. Kwa nini, nitaeleza nikifika sehemu ya mwisho. Kama wewe una mguu wa namna hiyo sasa hivi, usisubiri sehemu ya mwisho. Nenda.

Lakini swali lake la kwanza nalo lilikuwa la haki. Hivi mtetemo na sauti laini vinatibu nini hasa? Nimetafuta, nikajikuta nimeingia kwenye historia ya karibu miaka mia tatu, nikakesha. Basi nawasimulia.

Tuanzie kwenye daladala. Mtoto kakukesha usiku kucha, umembadilisha, umemnyonyesha, umemwimbia mpaka sauti imekauka. Asubuhi unapanda gari kwenda kliniki, likishatoka kituoni tu na kuanza kutikisika, huyo, kalala. Gari likisimama kwenye foleni, macho kodo! Kila mama anajua hili. Watu wa zamani nao walilijua, ila wao walikuwa na gari la farasi.

SEHEMU YA 2

Ufaransa, miaka ya 1730. Madaktari wa Paris walikuwa na mtindo wa kumwambia mgonjwa mwenye huzuni nzito au tumbo lisilotulia apande gari la farasi la posta, lile la mwendo kasi, asafiri kwenye barabara mbovu. Waliamini mtikisiko unafungua njia za mwili zilizoziba na kuchanganya majimaji yaliyotuama. Maelezo yao leo hayasimami, lakini wagonjwa walikuwa wanarudi wanasema wamepata nafuu.

Shida ilikuwa gharama. Gari la farasi, farasi wenyewe, dereva, malazi njiani. Ndipo padri mmoja, Charles-Irénée Castel, anayejulikana zaidi kama Abbé de Saint-Pierre, akaja na wazo: kwa nini usitikisike nyumbani? Akabuni kiti kilichofungwa kwenye fremu, ukikaa kinakurusharusha kama vile uko barabarani. Akakiita kwa Kifaransa jina ambalo mimi ningelitafsiri "kitikisio". Huyu padri alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Mwaka 1713 alikuwa ameshachapisha mpango wa kuleta amani ya kudumu Ulaya nzima. Amani haikuja, na kiti nacho hakikudumu. Ila wazo lilibaki.

Ruka zaidi ya miaka 150. Bado tuko Paris, hospitali ya Salpêtrière, kwa daktari Jean-Martin Charcot. Kwa wakati ule ndiye aliyekuwa mkubwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, na ndiye aliyeshauri ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa uitwe kwa jina la James Parkinson, Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817. Mpaka leo tunauita hivyo.

Charcot alikuwa na sifa moja ninayoipenda: alisikiliza wagonjwa. Wale wenye Parkinson walimwambia kitu cha ajabu. Wakisafiri safari ndefu kwa treni au gari la farasi, wakati abiria wengine wanashuka wamechoka hoi, wao wanashuka wakiwa wepesi, miili imelegea, na nafuu inakaa muda fulani. Daktari mwingine angesema "sawa mzee" na kuandika dawa. Yeye alitengenezewa kiti cha umeme kinachotetemeka kama treni. Mwaka 1892 akatoa mhadhara kuhusu hii aliyoiita tiba ya mtetemo: wagonjwa wanakaa nusu saa, wanasema mwili umekuwa mwepesi, usiku wanalala vizuri.

Mwanafunzi wake Georges Gilles de la Tourette akaenda mbele zaidi, akatengeneza kofia ya kutetemesha kichwa. Ndiyo, kofia. Naomba msimwambie mtu wa spa, atainunua.

Halafu Agosti 1893 Charcot akafariki, na lile swali likafa naye kabla halijajibiwa. Maana angalieni: aliona wagonjwa wanapata nafuu baada ya kukaa kwenye kiti. Hakuwahi kuwakalisha wengine kwenye kiti kilekile kikiwa kimezimwa, akawalinganisha. Hilo pengo lilikaa wazi miaka 120.

SEHEMU YA 3

Pengo likikaa wazi, wafanyabiashara hawalali.

Sweden, daktari Gustav Zander alikuwa ameshafungua taasisi yake Stockholm mwaka 1865, imejaa mashine za mazoezi, nyingine zinaendeshwa kwa mvuke, zikiwemo za kutikisa na kukanda mwili. Marekani, huko Battle Creek jimbo la Michigan, daktari John Harvey Kellogg (ndiyo, wa ukoo ule wa nafaka za boksi mnazowapa watoto asubuhi) aliweka viti vya kutikisa kwenye hospitali yake ya mapumziko iliyokuwa inajaza matajiri. Kiti chake hakikuwa cha kubembeleza, kilikuwa kinakung'uta kama kokoto kwenye ungo. Alikisifia kwa mambo mengi, pamoja na kusaidia choo kutoka.

Na neno lenyewe spa? Spa ni mji. Uko Ubelgiji, una chemchemi za maji yenye madini ya chuma, na watu wa Ulaya walikuwa wanaenda huko kunywa na kuoga karne nyingi zilizopita. Jina la mji likawa jina la biashara.

Yale mabakuli ya shaba nayo yana historia fupi kuliko unavyoambiwa mlangoni. Mabakuli yenyewe yametoka maeneo ya milima ya Himalaya, hilo kweli. Lakini kuyapiga kama tiba ya kutuliza kulisambaa nchi za Magharibi baada ya mwaka 1972, wanamuziki Henry Wolff na Nancy Hennings walipotoa albamu iliyoitwa Tibetan Bells. Miaka ya 1980 Mjerumani Peter Hess, baada ya safari zake za Nepal, akaanza kufundisha namna ya kuyaweka mwilini na kuyagonga ili mtu ausikie mtetemo kwenye mifupa. Kwa hiyo ukiambiwa "hii ni tiba ya miaka elfu tatu," tabasamu tu. Inawezekana huyo anayekuambia ana umri mkubwa kuliko tiba yake. Sisemi haipendezi. Nimeshawahi kulala nikapigiwa, na nilisinzia mpaka nikakoroma.

Kitanda chenyewe, kile cha zawadi ya yule mama, baba yake ni Olav Skille wa Norway. Na hapa historia inakuwa nzuri, maana hakuanzia kwa matajiri. Alikuwa anafanya kazi na watoto wenye ulemavu mkubwa, wale ambao misuli imekaza muda wote, hawawezi hata kukunja mkono bila maumivu. Aliwalaza kwenye mto mkubwa laini wa punje, akausogeza kwenye spika, akapiga sauti nzito za chini. Watoto walikuwa wanalegea. Miaka ya 1980 akatengeneza vitanda na viti vyenye spika ndani, vinavyotoa mitetemo kama 30 mpaka 120 kwa sekunde pamoja na muziki. Inaitwa tiba ya vaibroakustiki, na wapo wataalamu wa muziki Ulaya wanaoitumia hospitalini mpaka sasa.

Sasa shikeni hili: watu hao walioanzisha hii tiba waliandika tangu mapema ni nani ASILAZWE kwenye kitanda. Mjamzito. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo. Mwenye uvimbe mkali au anayevuja damu ndani. Mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa. Kitanda kilisafiri kutoka Norway mpaka kwenye maspa ya dunia nzima, lakini ile karatasi ya maonyo mara nyingi ilisahaulika njiani. Muulize anayekupokea spa kama anayo. Mimi niliuliza sehemu moja nikaletewa menyu ya juisi.

SEHEMU YA 4

Turudi kwenye lile pengo la Charcot.

Chicago, chuo kikuu cha tiba cha Rush. Daktari Christopher Goetz ni bingwa wa Parkinson na pia ni mpenzi wa historia, amesoma maandiko ya Charcot kuliko wengi. Yeye na wenzake wakasema hebu tufanye kile ambacho mzee hakuwahi kukifanya. Wakachukua wagonjwa 23 wa Parkinson, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likakaa kwenye kiti cha kisasa kinachotetemeka. Kundi la pili likakaa kwenye kiti kama hicho, likasikiliza sauti za kutuliza, ila mtetemo haukuwashwa. Kila kikao nusu saa. Matokeo yalitoka mwaka 2012.

Waliotetemeshwa walipata nafuu kwenye kutembea na kujongea. Charcot alikuwa sahihi! Lakini subiri. Wale ambao hawakutetemeshwa nao walipata nafuu. Kiasi hichohicho.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu jikoni. Miaka karibu mia tatu ya springi, mvuke, umeme na spika, na mwisho wa siku mtetemo haukuonyesha kuongeza kitu juu ya kiti, sauti na ile nusu saa yenyewe. Ni utafiti mdogo, watu 23 tu, na wa ugonjwa mmoja, kwa hiyo haufungi mjadala wa tiba yote ya Skille. Lakini watafiti wenyewe walisema wazi kwamba huenda kilichosaidia ni sauti, au kukaa umejinyoosha, au vitu vingine vilivyoambatana na kikao.

Vitu vingine kama vipi? Mimi kama nesi wa wodi ya wazazi nitawaambia ninachodhani, nanyi mtanipinga kwenye komenti. Nusu saa hakuna mtu anayekuita. Umepewa kiti kizuri. Kuna mtu kazi yake ni kuhakikisha umestarehe. Bibi zetu wa pwani hawakuwa na spika, lakini walikuwa na arobaini: mzazi ndani, anakandwa, analetewa uji wa pilipili manga, mtoto anachukuliwa na shangazi, yeye kazi yake ni kunyonyesha na kulala. (Ile ya maji ya moto sana nina ugomvi nayo, nimeshaona ngozi zilizoungua na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka. Maji ya vuguvugu yanatosha, na juu ya kidonda hapana.) Siku hizi mzazi wa wiki mbili yuko peke yake ghorofani na mtoto, na mume karudi kazini. Halafu tunamuuzia nusu saa ya kulala.

Kuhusu homoni: hakuna nilichokiona kinachothibitisha kwamba kitanda cha mtetemo "kinasawazisha homoni za uzazi." Homoni baada ya kujifungua zinashuka na kupanda zenyewe kwa mpangilio wake. Ukiwa na huzuni isiyoisha wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni ya kuja kliniki na kusema kwa mdomo. Sisi hatushangai, tunazisikia kila siku.

SEHEMU YA 5

Na mtoto je? Maana mliuliza sana.

Hadithi yake inafanana na ya kiti mpaka inachekesha. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Lee Salk wa New York alichapisha matokeo ya kuwapigia vichanga wa hospitalini sauti ya moyo wa mtu mzima, mapigo 72 kwa dakika. Waliosikia waliongezeka uzito vizuri zaidi na kulia kidogo kuliko wenzao. Dunia ikasisimka: mtoto anakumbuka moyo wa mama! Baada ya hapo ndipo zikaja rekodi na midoli ya mapigo ya moyo. Mwaka 1966 Yvonne Brackbill na wenzake wakajaribu tena, ila wakaongeza sauti nyingine: wimbo wa kubembeleza, na tiktiki ya kipima mwendo cha muziki. Zote zilituliza sawasawa na moyo, na zote zilishinda kimya. Kumbe alichotaka mtoto ni sauti ya kuendelea bila kukatika.

Uingereza mwaka 1990 wakajaribu na ile sauti ya shuuu, kama mvua juu ya bati. Vichanga 20 walipigiwa, 16 walilala ndani ya dakika tano. Kwenye kundi jingine la 20 ambao hawakupigiwa, walilala 5.

Kwa hiyo ndiyo, shuuu inafanya kazi. Tatizo ni sauti kubwa. Mwaka 2014 madaktari wa Toronto walipima mashine 14 za kulaza watoto. Zote zilipita desibeli 50, kiwango kinachoshauriwa kwenye wodi za vichanga, na tatu zikiwekwa sentimita 30 na kufunguliwa mpaka mwisho zilipita 85, kelele ambayo mtu mzima kiwandani angetakiwa kulindwa masikio akikaa nayo kutwa. Sasa wengi wenu hamna mashine, mna simu. Simu inawekwa wapi? Chini ya mto. Jamani. Iweke mbali, mita mbili, sauti ndogo kiasi cha kusikia unapoongea kawaida, na akishalala izime. Feni ya kawaida mbali kidogo na kitanda inatoa shuuu nzuri tu bila kula bando.

Na kutikisa. Hapa siwezi kutania. Kubembeleza ni kitu kimoja na kumtikisa mtoto kwa nguvu ni kingine. Mwaka 1971 daktari wa upasuaji wa ubongo Norman Guthkelch wa Uingereza aliandika kuhusu vichanga waliovuja damu ndani ya fuvu bila alama ya kipigo popote. Walikuwa wametikiswa. Na sehemu aliyofanyia kazi, wazazi wengine waliona kumtikisa mtoto ni afadhali kuliko kumchapa. Mwaka uliofuata John Caffey wa Marekani akaandika onyo kama hilo. Kichwa cha mtoto ni kizito, shingo ni laini. Ukiona hasira imepanda saa nane usiku, mlaze chali kitandani kwake, funga mlango, nenda kanawe uso. Kulia dakika tano hakujaua mtoto.

Kama unataka mtikisiko, mtembeze. Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliwapima watoto wa chini ya miezi sita: mama akiwa amesimama na kutembea naye, kilio kinapungua na mapigo ya moyo ya mtoto yanashuka, tofauti na mama aliyekaa amempakata tu. Mwaka 2022 wakaongeza maelekezo: tembea naye dakika tano mfululizo bila kusimamasimama, akilala kaa naye dakika tano mpaka nane ndiyo umlaze. Ukimlaza mapema anaamka. Bibi aliyekufunga mtoto mgongoni akaendelea kufagia uwanja hakusoma Japani.

Spa na mtoto mchanga? Hapana. Kitanda kile hakikutengenezwa kwa ajili yake.

SEHEMU YA 6

Yule mama.

Mwanamke mjamzito, na zaidi sana kwenye wiki sita baada ya kujifungua, damu yake inaganda upesi kuliko kawaida. Mwili unajilinda usivuje damu nyingi. Aliyepasuliwa yuko kwenye hatari zaidi, na aliyelala muda mrefu bila kutembea pia. Damu ikiganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu, mara nyingi mguu MMOJA unavimba, unauma shavuni, unakuwa wa moto, wakati mwingine mwekundu. Hofu yetu ni kipande kumeguka na kusafiri mpaka mapafuni. Ikifika huko ni kukosa pumzi ghafla, kifua kuuma, kuzimia, na hiyo ni ya kukimbilia hospitali muda huohuo hata kama ni usiku wa manane. Ndiyo maana mguu wa namna ile haukandwi, haupakwi dawa ya kuchua kwa kusugua, na haulazwi kwenye kitanda kinachotetemeka.

Alienda. Alitaka kusubiri kesho yake kwa sababu ya mtoto, mama mkwe akasema "nenda, huyu namshika mimi." Kituo cha kwanza alikofika walimpa panadoli na kumwambia ni uchovu wa uzazi. Akanipigia, nikamwambia asirudi nyumbani, aende kwingine, na aseme maneno haya: nimejifungua wiki tatu zilizopita kwa upasuaji, mguu mmoja umevimba. Huko walimpima kwa altrasaundi, na damu ilikuwa imeganda kweli, juu ya goti. Yuko kwenye sindano za kuzuia damu kuganda, anaendelea kunyonyesha, sindano hizo hazimzuii.

Ameniruhusu kuwasimulia bila jina. Zawadi ya spa ipo, wenzake wameomba isogezwe mbele, na nimemwambia atamuuliza daktari wake kwanza. Kwa sasa mama mkwe amehamia kwake mwezi mzima. Saa nane mchana anamchukua mtoto, anatembea naye barazani, na yeye analala na feni imewashwa. Jana aliniandikia kwamba alilala saa mbili na hakuna aliyemwamsha.